Kliniki za watoto zianze kuuliza kuhusu simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie watoto wetu walio chini ya miaka miwili na simu tunazowashikisha. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa katika kliniki ya mama na mtoto hapa mkoani Tanga, na sasa nimestaafu. Hoja yangu inahusu kliniki, lakini sina budi kuanzia nyumbani kwangu, kwa sababu aibu yenyewe ilianzia huko.

Mjukuu wangu alikuwa na miezi 16. Mchana huo nilikuwa nimemkalisha kwenye mkeka, bakuli la ndizi zilizopondwa na samaki likiwa mapajani mwangu, na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai ikiimba nyimbo za katuni. Wimbo ukianza, mdomo unafunguka na kijiko kinaingia. Ukikaribia kwisha, nami naharakisha kijiko kingine. Katikati ya wimbo bando likaisha. Kile kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo, na mdomo ukafungwa papo hapo. Nilimwita kwa jina, nikamwita tena, hakunitazama. Alikuwa anakitazama kiduara kikizunguka kana kwamba nacho ni katuni. Nilipoiondoa simu alijitupa chali akalia hadi sauti ikamkauka. Nusu ya bakuli ilikuwa imekwisha kuingia tumboni mwake, na sidhani kama alijua alichokula.

Wasomaji watadhani aliyemzoesha ni mama yake, ambaye hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini, au dada wa kazi, ambaye siku hizi kila lawama huangukia kwake. La hasha, ni mimi. Nilitaka dakika kumi za kuswali adhuhuri bila mtu kunivuta ushungi. Dakika hizo kumi zikaomba nyingine za kupika, za kupika zikaomba za kula, na za kula zikaomba za kulala, mpaka ikafika siku ambapo mtoto mwenye bibi, mama, baba na shangazi wawili nyumba moja anatulizwa na kitu kinachochajiwa ukutani.

Baada ya tukio hilo nilikaa nikajiuliza: kwa miaka yote hiyo kliniki, nilipata kumuuliza mama yeyote kuhusu jambo hili? Sikumbuki hata mmoja. Nilipoajiriwa mwaka 1991 sababu ilikuwepo. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na wenye antena ndefu huku pwani walinasa picha za Zanzibar. Vituo binafsi vikaanza mwaka 1994, na cha Taifa mwaka 2000. Mama tulimfundisha kumnyonyesha mtoto maziwa yake tu kwa miezi 6 ya mwanzo, kunawa mikono, kulala ndani ya chandarua, kuutengeneza uji wa lishe na kuzishika tarehe za chanjo, na kwa kweli mafundisho hayo yameokoa roho nyingi. Kisha simu janja zikaingia mikononi mwa akina mama walioketi kwenye benchi letu, na somo letu likabaki lilelile.

Si kwamba maelekezo hayapo. Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka mitano, unaoeleza mtoto acheze kiasi gani, alale kiasi gani na akae kitako kiasi gani. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na vilevile kwa mtoto wa mwaka mmoja, mwongozo haupendekezi muda wowote wa kukaa mbele ya kioo cha simu au televisheni, uwe mdogo namna gani. Akitimiza miaka miwili, muda huo usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua hapo ni heri zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anatakiwa alale saa 11 hadi 14 katika saa 24, ukiwemo usingizi wa mchana, na acheze kwa kujongea saa 3 kwa siku. Mwongozo huohuo unasema pia kwamba mtoto asifungwe mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo, shauri ambalo nililisoma nikacheka kidogo, kwani nilimkumbuka mama anayetoka shambani na mzigo wa kuni kichwani na mtoto katika mbeleko, njia nzima.

Niwe mkweli: walioandika mwongozo huo wenyewe walikiri kwamba ushahidi walioutegemea ni wa kiwango cha chini sana. Chanjo ya surua tunaijua inafanya nini kwa uhakika ambao hatuna tukisema dakika kadhaa za katuni zinamfanya nini mtoto. Kwa hiyo sitaki kumtisha mtu. Ninachokijua kwa uhakika zaidi, na ambacho kila bibi anakijua hata kama hajasoma, ni namna mtoto anavyojifunza kusema. Anatoa sauti, anajibiwa. Anatoa nyingine, anajibiwa tena, na katika kujibiwa huko ndimo lugha inamoingia. Katuni inaimba vizuri kuliko mimi, tena haichoki, lakini mtoto akisema "mba" haisimami ikamuuliza, "Unataka mbatata?"

Lipo jaribio moja ambalo laiti lingesimuliwa katika kila kliniki. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake katika mji wa Seattle, Marekani, walichukua watoto wa miezi 9 ambao nyumbani kwao kunasemwa Kiingereza, wakawaletea watu waliocheza nao na kuwasomea vitabu kwa Kichina, vipindi 12 kwa jumla. Watoto hao wakaanza kutofautisha sauti za Kichina ambazo sikio la Mwingereza huzichanganya. Kundi la pili lilioneshwa watu walewale, wakisema maneno yaleyale, ila kwa video. Hawakuambulia kitu. Video haikupungukiwa neno lolote. Kilichopungua ni mtu wa kumtazama mtoto usoni na kungoja zamu yake.

Ninalisema hili kwa sababu ya fahari tuliyo nayo mitaani. Mtoto wa jirani yangu, miaka miwili na kidogo, anahesabu hadi ishirini kwa Kiingereza na anazitaja rangi zote, na wageni humpigia makofi. Mtoto huyohuyo akitaka maji anamshika mtu kidole na kumvuta hadi kwenye mtungi, kimya. Hana neno "maji", wala "nipe", wala "bado". Kuhesabu kule ni kama wimbo wa kasuku: kumekaa kichwani, lakini hakumsaidii kuomba, kukataa wala kulalamika, na hizo tatu ndizo kazi za kwanza za lugha kwa mwanadamu. Wazazi wake ni watu waangalifu. Waliamini wanamsomesha, na hakuna muuguzi aliyewaambia vinginevyo.

Tena si simu iliyo mkononi mwa mtoto pekee. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwavalisha vinasa sauti vidogo watoto 329 wa umri wa miezi 2 hadi 48. Waliona kwamba kila saa moja ambayo televisheni ilisikika ndani ya nyumba iliendana na upungufu wa maneno 770 ambayo mtoto angeyasikia kutoka kwa watu wazima. Huenda mtoto hakuwa hata anaitazama, ila televisheni ilipozungumza, wakubwa walinyamaza. Nyumba ngapi kwetu runinga huwashwa alfajiri na kuzimwa watu wanapokwenda kulala, hata kama hakuna aliyeketi mbele yake?

Na simu ya mama mwenyewe je? Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha ghafla waukaushe uso kwa dakika chache, wamtazame mtoto bila kucheka wala kujibu. Watoto walijaribu kila mbinu waliyokuwa nayo: wakatabasamu, wakanyoosha mikono, wakatoa sauti. Walipokosa jibu waligeuza nyuso zao kando. Nimeuona uso huo mkavu kwenye benchi letu mara nyingi, mama ananyonyesha, kidole gumba kinapandisha picha kwenye simu, na macho ya kichanga yanapapasa kidevu chake yakitafuta pa kushika. Zamani benchi hilo lilikuwa na kelele hadi tukilazimika kuita majina mara tatu. Sasa jina huitwa mara tatu kwa sababu nyingine.

Hata hivyo kuna matumizi ya simu ambayo sitayapiga vita. Shangazi wa mjukuu wangu yuko Muscat kikazi, na kila Ijumaa hupiga simu ya video. Mtoto akikohoa, shangazi anamwambia pole. Akionesha kiatu, shangazi anamuuliza nani amemnunulia. Huyo ni mtu anayejibu, na madaktari wa watoto wa Marekani, katika ushauri wao wa mwaka 2016 wa kumwepusha na vioo mtoto wa chini ya miezi 18, waliitoa simu ya namna hiyo katika katazo. Vivyo hivyo vipindi vya watoto vinavyotengenezwa kwa Kiswahili na watu wanaojua kazi yao vina nafasi yake, mtoto akishafikia umri vilivyokusudiwa na akiwa na mkubwa pembeni wa kuzungumza naye juu ya kile anachokiona.

Nyumbani tulichukua hatua kwa mpigo, simu ikaondoka mezani na kitandani siku moja. Siku tatu za mwanzo zilikuwa chungu. Mtoto alikataa kula, nami nusura nisalimu amri usiku wa pili. Siku ya nne niliweka bakuli katikati ya mkeka nikamwachia kijiko chake, akajipaka ndizi hadi nyusi, lakini alikula akiitazama ndizi. Badala ya simu tulimpa sufuria tupu, kifuniko na mwiko, ambavyo vina kelele kuliko katuni yoyote, na beseni la maji nyakati za jioni. Nami nikafufua mchezo wa vidole ambao mama yangu alinichezea: unashika kidole kidogo, "Hiki kinasema twende", cha pili, "Wapi?"; cha tatu, "Kuiba"; cha nne, "Tukikamatwa?", na gumba, ambacho kimejitenga na wenzake, kinasema, "Mimi simo!" Wiki ya tatu nilipofika kwenye gumba nikanyamaza kidogo, mjukuu wangu alinitazama machoni akasema, "Mo!" Sijui kama ni matokeo ya kuondoa simu au ni umri tu umefika. Ninajua kwamba kama simu ingekuwepo, nisingenyamaza, wala yeye asingenitazama.

Katika hili sina budi kuweka tahadhari moja, kwa kuwa watu wamekwisha kupata kisingizio kipya. Katika mwaka wangu wa mwisho kazini bibi mmoja alileta mvulana wa miezi 18 kwa dozi ya pili ya surua na rubela, akaniambia, "Nesi, huyu hasemi. Simu ya mama yake imemharibu." Mtoto alikuwa ameishika simu hiyo, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Nilisimama nyuma yake nikagonga kikombe cha bati kwa kijiko. Hakugeuka. Nikagonga kwa nguvu zaidi, hakugeuka. Nilipomwangalia sikio nikakuta usaha uliokauka, na bibi akasema harufu hiyo ipo tangu mwezi wa Ramadhani. Tulimwandikia rufaa ya kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Mtoto asiyesema apimwe kwanza masikio. Na mzazi wa mtoto mwenye usonji, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, asibebeshwe dhambi ya katuni, kwani hakuna aliyethibitisha kwamba simu huleta usonji. Lawama nyepesi kwa simu zinaweza kumchelewesha mtoto kupata huduma kama simu yenyewe inavyoweza kumchelewesha kusema.

Wala sitaki barua hii isomwe kama fimbo ya kuwachapia akina mama. Sheria ya kazi inampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo, na baada ya hapo anarudi kazini. Mama lishe na mchuuzi wa samaki hawana hata hizo. Mwanamke aliye peke yake katika chumba kimoja, jiko la mkaa mlangoni na mtoto aliyeanza kusimama dede, akimpa simu ili asiende kushika jiko, ametenda jambo la busara kwa dakika zile, na mtu asiyemshikia mtoto hana haki ya kumsema. Ninachotaka ni aelezwe kwamba kumpa beseni na vikombe viwili vya plastiki umbali wa hatua nne kutoka kwenye jiko kunaweza kufanya kazi ileile. Wasiwasi wangu mkubwa zaidi uko katika vituo vya kulelea watoto mchana. Kimoja nilichokitembelea, na sitakitaja, kilikuwa na watoto zaidi ya kumi na watano wameketi sakafuni wakitazama runinga, mlezi mmoja amekaa mlangoni, na mmiliki akaniambia kwa fahari kwamba watoto wake "hawasumbui". Wazazi wanalipa ada kwa ajili ya ukimya huo. Maofisa ustawi wa jamii wanaokagua vituo hivi wanahesabu vyoo na kupima ukubwa wa vyumba. Wakae na dakika thelathini wasikilize ni nani anazungumza humo ndani.

Sasa nije kwenye ombi langu kwa Wizara ya Afya na kwa waganga wakuu wa wilaya. Ratiba yetu ya chanjo inamleta kila mtoto kliniki akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Hakuna tarehe bora kuliko hizo. Kwenye miezi 9 mtoto yuko katika kutamka "bababa" na "mamama". Kwenye miezi 18 anatakiwa awe na maneno yake kadhaa ya kweli. Na baada ya hapo akina mama wengi hatuwaoni tena hadi mtoto augue. Muuguzi aulize maswali mawili akiwa anaivuta dawa kwenye bomba la sindano. La kwanza: mtoto huyu anawekewa simu au televisheni wakati gani wa siku, kwa muda gani? Ni wakati gani, kwa maana jibu likiwa "wakati wa kula" ushauri wake ni tofauti na jibu likiwa "wakati wa kulala". La pili: nani anazungumza naye kutwa, na yeye anajibu vipi? Swali la pili ndilo litakalowaibua pia wasiosikia. Majibu yaandikwe kwenye kadi, pembeni ya uzito, ili muuguzi wa miezi 18 aone alichokiandika mwenzake wa miezi 9.

Serikali haitahitaji kuanzisha kitu kipya. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, imeyaweka malezi yenye mwitikio pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mwitikio ni kuitikia, mtoto aite na mtu aitike. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kulibeba somo hilo hadi kwenye kibaraza cha nyumba. Na kliniki zenye runinga katika ukumbi wa kusubiria ziizime angalau wakati wa somo la asubuhi. Katika kliniki moja niliyoingia kama mteja, muuguzi alikuwa anafundisha unyonyeshaji huku akipiga kelele kuishinda tamthilia iliyokuwa juu ya kichwa chake, na akina mama, nami nikiwemo, tulikuwa tunaangalia juu.

Mjukuu wangu alitimiza miezi 18 nikampeleka mwenyewe. Alipimwa uzito, alama ikawekwa kwenye mstari wa kijani, akadungwa sindano, akalia kidogo kisha akanyamaza nilipomshika vidole. Nesi aliandika tarehe, akanirudishia kadi. Nilisimama kidogo pale mlangoni nikiwa na jibu langu tayari, lakini alikwisha kumwita mwingine.

Muuguzi mstaafu,
Tanga.